Barabara imepanuliwa na foleni imerudi: kosa ni la nani?

"Mtaalamu, habari za kazi. Miaka minne iliyopita barabara ninayopita kwenda kazini ilipanuliwa, kutoka njia mbili hadi nne. Mwaka wa kwanza tulifurahi, nilikuwa nafika kwa nusu saa. Leo natumia dakika 80 kwenda na 80 kurudi, sawa na zamani kama si zaidi. Mdogo wangu anasoma uchumi chuo kikuu, na kila nikilalamika ananiambia uchumi unaeleza kila kitu: foleni, bahari kuishiwa samaki, hata hali ya hewa kuharibika, na kwamba chanzo cha yote ni ubinafsi wa binadamu. Je, ni kweli? Mimi sijioni mbinafsi, naenda tu kazini. Majirani wanakusanya sahihi kuomba barabara ipanuliwe tena. Nitie yangu? Mke wangu naye anataka tuchukue mkopo tuhamie karibu na kazi, ingawa nyumba za huko ni ghali na ndogo. Nimechoka kiasi kwamba mwezi uliopita nilisinzia kwenye usukani mara mbili."

Ndugu yangu, nianze na mstari wako wa mwisho, maana huo hausubiri nadharia. Mwone daktari wiki hii, ana kwa ana. Mweleze unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, kama unakoroma na kama kuna dawa unazotumia. Huenda ni uchovu tu, huenda pumzi inakukatika usingizini bila wewe kujua, na mimi siwezi kuyatofautisha hayo kwa barua. Hadi utakapomwona, ukihisi kope zinakuwa nzito, egesha gari mahali salama ulale dakika 20. Kufungua dirisha na kupandisha sauti ya redio hakumzuii mtu kusinzia.

Sasa tuje kwenye foleni. Nikiondoa mdogo wako, majirani na mkopo, swali lako linabaki hivi: ikiwa kila aliye barabarani ana akili timamu na anaenda kwenye jambo la maana, mbona matokeo yake ni upuuzi ambao hakuna hata mmoja aliyeuchagua? Nimefundisha uchumi miaka mingi, na kwangu mimi hakuna swali ambalo elimu hii inalijibu vizuri kuliko hilo. Bei ya kesho ya dhahabu tunaikosea kila siku. Hili tunaliweza.

Mdogo wako amepatia nusu. Foleni, samaki na hali ya hewa ni ndugu wa tumbo moja, hapo simpingi. Alipokosea ni kumtaja ubinafsi kuwa mama yao. Hebu fanya jaribio kichwani. Waondoe madereva wote unaokutana nao asubuhi, uweke mahali pao watu wema kupindukia: muuguzi anayewahi zamu, mwalimu anayewahi darasa, mtu anayempeleka mama yake mgonjwa kliniki. Foleni itabaki palepale. Wema wao hauwaambii jambo moja wanalohitaji kulijua, yaani kila mmoja wao anawachelewesha wengine kwa kiasi gani.

Tuseme umeingia barabarani saa moja asubuhi, wakati imekaribia kujaa. Gari lako linawachelewesha walio nyuma yako sekunde 2 kila mmoja. Sekunde 2 ni nini? Hakuna atakayekupigia honi kwa sababu hiyo. Lakini kama walio nyuma yako ni 600, umechukua sekunde 1,200 za maisha ya watu, yaani dakika 20. Ulipokuwa nyumbani ukiamua uondoke saa moja au saa mbili, ulipima dakika zako 80. Zile 20 hukuzipima. Hazikutoka mfukoni mwako, na hakuna mahali zilipoandikwa. Na walio mbele yako nao wamekufanyia vivyo hivyo. Haba na haba hujaza kibaba, na hiki ni kibaba cha hasara.

Mchumi wa Kiingereza Arthur Pigou aliliandika jambo hili mwaka 1920, na mojawapo ya mifano yake ilikuwa barabara mbili zinazoelekea mahali pamoja, moja nzuri lakini nyembamba, nyingine mbovu lakini pana. Hoja yake ni kwamba anayeamua hulipa sehemu tu ya gharama, na iliyobaki huwaangukia watu ambao hawakuulizwa. Ukilishika hilo, umeshika sehemu kubwa ya yale ambayo mdogo wako atasoma miaka mitatu.

Kwa nini basi kupanua hakukusaidia? Watu wengi hudhani magari ni kama maji kwenye bomba: kiasi ni kilekile, ukiongeza upana yatapita haraka. Magari hayako hivyo. Barabara yako ilipopata nafasi, habari zilisambaa. Aliyekuwa akiondoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni akaona heri alale hadi saa moja. Aliyekuwa akizunguka njia ya nyuma akarudi barabara kuu. Aliyekuwa akipanda basi au treni akatoa gari lake nje. Hawa watatu huja ndani ya miezi. Wa nne huja taratibu na hukaa daima. Ni yule aliyenunua kiwanja mbali zaidi kwa sababu sasa "ni nusu saa tu". Wanaendelea kuja hadi barabara iwe imechosha kiasi cha kumfanya wa mwisho aseme, aa, leo siendi saa hii. Kiwango hicho cha uchovu ndicho kinachoamua urefu wa foleni kuliko idadi ya njia.

Si mawazo yangu peke yangu. Anthony Downs aliyaandika haya kuhusu barabara kuu za Marekani mwaka 1962. Mwaka 2011 Gilles Duranton na Matthew Turner wakachapisha hesabu za miji ya Marekani kwa miongo kadhaa, wakakuta kilomita zinazoendeshwa zinapanda karibu sawasawa na kilomita za barabara zinazojengwa. Ukiongeza asilimia 10 ya barabara, unapata takribani asilimia 10 zaidi ya uendeshaji, na mwendo unabaki kama ulivyokuwa.

Hata hivyo usimwamini anayesema barabara ile ilikuwa hasara tupu. Leo asubuhi inapitisha watu wengi kuliko miaka minne iliyopita, na kila mmoja wao ana sababu yake ya kuwa pale. Aliyelala muda zaidi amepata kitu. Faida ipo, ila haikuja kwa sura mliyoahidiwa, ya mwendo wa haraka. Na sehemu nono ya faida hiyo imekwenda kwa mtu ambaye huenda hata gari hana: mwenye ardhi ya pembezoni. David Ricardo aliona mapema karne ya 19 kwamba ardhi yenye rutuba zaidi humlipa mwenyewe zaidi bila yeye kutoa jasho la ziada, na Johann von Thünen, mwaka 1826, akaonyesha kwamba ukaribu na soko nao ni kama rutuba. Barabara yenu imesogeza viwanja vya mbali karibu. Bei ikapanda, na mnunuzi akamlipa mwenye kiwanja thamani ya barabara iliyojengwa kwa kodi za wote. Ukitaka kujua mradi wa umma umemnufaisha nani, angalia kwanza ardhi ya jirani imepanda bei kiasi gani.

Kuna jambo kuhusu foleni ambalo hata wanafunzi wangu wazuri huchelewa kuliona. Foleni yenyewe ni malipo. Nafasi ya barabara saa moja asubuhi ni chache, wanaoitaka ni wengi, kwa hiyo lazima kitu kimoja kiwagawe: ama bei, ama kanuni, ama bahati nasibu, ama uvumilivu. Mmechagua uvumilivu bila kukaa kikao. Unalipa dakika 80. Ubaya wa malipo haya ni kwamba hayamfikii yeyote. Ukilipa tozo, mtu mwingine anapokea, na fedha zinaweza kununua mabasi. Ukilipa dakika zako, zimeteketea, hakuna anayezipata.

William Vickrey alipigania miongo mingi wazo la kutoza bei barabarani wakati wa msongamano. Alitangazwa mshindi wa Nobel ya uchumi Oktoba 1996, akafariki siku tatu baadaye. Singapore ilikuwa imeanza tangu 1975, kwa kibali cha karatasi kilichobandikwa kwenye kioo cha gari. London ikafuata Februari 2003. Ninaoupenda zaidi ni mfano wa Stockholm, kwa sababu wao walijaribu kwanza: Januari hadi Julai 2006 magari yakatozwa kuingia katikati ya jiji, na yaliyovuka mpaka huo yakapungua kwa takribani moja ya tano. Tozo ikasimamishwa, magari yakarudi. Septemba wakazi wakapiga kura ya maoni, na watu wale wale ambao wengi wao waliikataa kabla ya majaribio wakaikubali. Agosti 2007 ikarudishwa moja kwa moja.

Moja ya tano ya magari inaonekana ndogo, lakini muda wa kusimama hupungua zaidi ya hapo. Barabara ikikaribia kujaa, magari machache ya mwisho ndiyo huleta sehemu kubwa ya ucheleweshaji. Nawe umeona: wiki ambayo shule zimefungwa, magari yanayopungua si mengi, lakini unafika kama umetumwa na upepo.

Hata hivyo, tozo si dawa isiyo na uchungu. Mfanyakazi wa zamu, ambaye mwajiri amempangia saa na basi halifiki kwake, analipa tozo ileile anayolipa mwenye kampuni, na kwake ni mzigo. Tozo ambayo fedha zake hazirudi kwenye usafiri wa umma huwafukuza maskini barabarani ili matajiri waende kasi, na mimi singeiunga mkono. Hata huko London mwendo uliopatikana mwanzoni ulififia kiasi miaka iliyofuata, kwa sababu kadhaa, ikiwemo nafasi kugawiwa mabasi na waendao kwa miguu. Hilo la mabasi na waendao kwa miguu silihesabu kuwa kushindwa.

Bei pia ina tabia ambayo sisi wachumi tulichelewa kuikubali. Huko Haifa, Israel, watafiti Uri Gneezy na Aldo Rustichini walifuatilia vituo 10 vya kulea watoto ambako wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto. Vituo 6 vikaweka faini ndogo. Kwa hesabu ya kawaida uchelewaji ungepungua, kumbe ukaongezeka. Kabla ya faini, mzazi aliyechelewa aliona haya mbele ya mwalimu. Baada ya faini alijiona mteja aliyelipia huduma. Faini ilipoondolewa, haya haikurudi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000, na huwa nayataja kila nikikutana na mtu anayedhani kila tatizo la jamii linatibika kwa kulibandikia bei.

Kwa samaki na hewa nitapita haraka, kwa kuwa utaratibu umeshauona. Mvuvi akivuta samaki mmoja zaidi, samaki ni wake, lakini upungufu wa mwaka ujao ni wa wote. Asipomvuta yeye, atamvuta mwenzake. Pwani ya Newfoundland, Canada, ilivuliwa samaki aina ya cod kwa karne karibu tano. Tarehe 2 Julai 1992 serikali ikapiga marufuku uvuvi huo wa kibiashara, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Marufuku ilitangazwa kuwa ya miaka 2, ikadumu zaidi ya 30. Usidhani serikali haikuwepo kabla ya hapo. Ilikuwepo, ilikuwa ikipanga viwango vya uvuvi, na makadirio yake ya samaki waliobaki yalikuwa ya juu mno. Kanuni nayo hukosea, hasa pale anayehesabu anapokuwa mbali na maji.

Moshi wa gari lako na langu unafuata njia hiyohiyo, tofauti ni kwamba "walio nyuma yako kwenye foleni" safari hii ni watu bilioni kadhaa, na wengine wao hawajazaliwa. Finland ilianza kutoza kodi ya kaboni mwaka 1990, Sweden 1991. Ugumu si kujua dawa. Kila nchi inalipa gharama ya kupunguza moshi peke yake, lakini nafuu inagawanywa dunia nzima, kwa hiyo kila moja inamtazama jirani imwone anaanza.

Hapa ndipo ningependa mdogo wako asome kazi za Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009, ingawa masomo yake yalikuwa ya siasa. Mwaka 1968 Garrett Hardin, mwanabiolojia, alikuwa ameandika kwamba malisho ya wote lazima yaishe, ila yagawiwe watu binafsi au yachukuliwe na serikali. Ostrom akakusanya ushahidi wa jamii halisi. Katika kijiji cha Törbel, milimani Uswisi, ambacho mwanaanthropolojia Robert Netting alikuwa amekichunguza, kulikuwa na kanuni iliyoandikwa mwaka 1517: mwanakijiji asipeleke malishoni ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha kipindi cha baridi. Nyasi za baridi alizovuna kila mtu zilijulikana, idadi ya ng'ombe ilijulikana, aliyezidisha alitozwa faini, na malisho yale yamedumu karne nyingi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wao walikuwa na daftari. Alichokikuta kwenye jamii zilizofanikiwa ni kwamba watumiaji wanajulikana, wanatunga kanuni wenyewe, wanaangaliana, na adhabu huanza ndogo. Barabara yako haina hata moja kati ya hayo. Madereva elfu kadhaa wasiojuana hawawezi kupatana kama wanakijiji, na ndiyo maana tozo au kanuni inahitajika hapo kuliko Törbel.

Kuhusu uchumi "kueleza kila kitu", mwambie mdogo wako kwamba Gary Becker wa Chicago alijaribu kweli, akaupeleka hadi kwenye ndoa na uhalifu, na akapata Nobel mwaka 1992. Alisimulia kwamba wazo la kuchunguza uhalifu lilimjia siku alipokuwa amechelewa kwenda kumtahini mwanafunzi: alipima uwezekano wa kukamatwa na ukubwa wa faini, akaegesha gari pasiporuhusiwa, na hakuna aliyemwandikia faini. Kisa kitamu. Lakini kinaeleza namna mtu anavyochagua akishajua anachokitaka. Kwa nini akitake, au kama inafaa akitake, hapo uchumi hunyamaza, na mchumi anayeendelea kuongea anaongea kama raia mwingine yeyote.

Nyumba. Mke wako ana hoja nzito kuliko unavyodhani. Dakika 160 kwa siku zikishuka hadi 50, umeokoa 110. Kwa siku 220 za kazi ni zaidi ya saa 400, sawa na siku 50 za kazi za saa nane. Nyumba ya mbali haikuwa rahisi, ila ulikuwa unalipia sehemu ya bei yake ukiwa ndani ya gari. Alois Stutzer na Bruno Frey walipochunguza takwimu za Ujerumani walikuta wanaosafiri muda mrefu kwenda kazini hawaridhiki na maisha kama wenzao, kana kwamba nyumba kubwa na mshahara mnono havikuwafidia. Nadhani sababu ni kwamba ukubwa wa nyumba tunauona siku ya kununua, ilhali foleni tunaionja kwa vipande vidogo.

Lakini usikimbilie mkopo kwa sababu ya aya moja ya mtu asiyejua kipato chako. Kwanza pangeni huko miezi sita kabla ya kununua, kama mnaweza. Pili, muulize mwajiri kama unaweza kuingia saa moja mapema au saa moja baadaye. Ukiihama saa ile ya kilele, utawarudishia wengine dakika zao 20 bila tozo wala kikao. Mkiamua kununua, kaeni na mshauri wa fedha ambaye halipwi na mkopeshaji, mkiwa na orodha halisi ya mapato na madeni, na mwanasheria akague hati kabla ya kusaini. Hesabu muhimu ni kama mtaweza kulipa marejesho hata mmoja wenu akikosa kazi miezi mitatu. Kama jibu ni hapana, bakini mlipo na mpambane na saa za kazi.

Na ile karatasi ya majirani. Kama inaomba njia mbili zaidi na hakuna kingine, mimi nisingetia sahihi, maana miaka minne ijayo mtakuwa mnakusanya nyingine. Lakini usiwanyime ukaonekana msaliti. Nenda kwenye kikao chao, uombe sentensi moja iongezwe: kwamba njia moja kati ya hizo mpya iwe ya mabasi peke yake, tangu siku ya kwanza. Tangu siku ya kwanza, kwa sababu njia ambayo magari madogo yameshaizoea, hakuna mwanasiasa atakayethubutu kuichukua. Wakikubali, tia sahihi.